Fungu limehama: kwa nini mawimbi huvunjika mbali, yakatulia, kisha yakavunjika tena

Swali: Ufukweni ninakoogelea, mawimbi huvunjika kwanza mbali, kama mita 150 kutoka nchi kavu. Yakishapita pale maji hutulia kana kwamba hakukuwa na kitu, halafu huinuka upya na kuvunjika mara ya pili karibu na miguu yetu. Maji yakijaa sana, ule mstari mweupe wa mbali hauonekani kabisa. Juzi ilipita dhoruba ya siku 3, na sasa mstari umesogea mbali zaidi. Wavuvi wanasema fungu, yaani tuta la mchanga lililo chini ya maji, limehama. Mchanga wote ule unahamaje bila mtu kuuona? Halafu kuna sehemu katikati ya mstari ambapo mawimbi hayavunjiki, na watu huwapeleka watoto kuogelea hapo kwa sababu pametulia. Ni sawa? La mwisho: wapo wanaotaka kuchota mchanga wa fungu hilo kwa ujenzi, wakisema uko chini ya maji tu na haumfai mtu. Unasemaje?

Jibu: Nianze na la watoto, maana hilo halingoji maelezo ya fizikia. Waondoeni hapo. Sehemu iliyotulia katikati ya mstari wa povu ni mlango, na mlangoni ndipo maji yaliyosukumwa ufukweni na mawimbi hupita yakirudi baharini. Sababu nitaieleza mbele. Kwa sasa lichukue kama lilivyo, na uwaambie leo.

Mengine yote uliyouliza yana mzizi mmoja, na mzizi huo ni namna wimbi linavyoihisi sakafu ya bahari.

Wimbi likiwa kilindini haligusi chini. Maji hayasafiri nalo. Kila tone huzunguka kama gurudumu na kurudi karibu pale lilipoanzia, na mizunguko hiyo hupungua kadiri unavyoshuka. Ukifika kwenye kina cha nusu ya urefu wa wimbi (nasema urefu kwa maana ya umbali kutoka kilele hadi kilele, si kimo chake) hakuna mtikisiko wa kutajwa. Wimbi ambalo vilele vyake hupita kila baada ya sekunde 8 lina urefu wa mita 100 hivi, kwa hiyo huanza kuihisi sakafu likiwa kwenye kina cha mita 50. La sekunde 14 lina urefu unaozidi mita 300, na huanza kuihisi kwenye mita 150. Ndiyo maana mawimbi ya kuumuka, yale yaliyozaliwa na upepo wa mbali sana, hupinda na kufuata umbo la sakafu mapema, wakati viwimbi vya upepo wa hapo hapo hukatiza tu bila habari ya kilichoko chini.

Wimbi likishaihisi sakafu hupunguza mwendo. Kwenye maji haba, mwendo wake hauangalii tena kipindi (sekunde zinazopita kati ya kilele na kilele) bali kina peke yake: zidisha kina kwa 9.8, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwenye mita 4 utapata mita 6.3 kwa sekunde, kwenye mita 2 utapata 4.4, kwenye mita 1 utapata 3.1. Wimbi la mbele limeshapunguza mwendo na la nyuma bado linakuja kwa kasi, basi vilele vinasogeleana, na nishati iliyokuwa imetandazwa kwenye mita 100 inabanwa kwenye mita 30 au 40. Kilichobanwa hivyo hupanda juu. (Kanuni hiyo hiyo iliwahi kutumiwa kivita. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipiga picha za angani za mawimbi kwenye fukwe zilizoshikwa na adui, wakapima mwendo wa vilele kutoka picha moja hadi nyingine, wakakadiria kina cha maji bila mtu kukanyaga pale. Vilele vikienda mita 4.4 kwa sekunde, unajua chini yake kuna mita 2.)

Kupanda kuna mwisho wake. Mwaka 1894 mwanasayansi McCowan alipiga hesabu akaona kwamba wimbi la pekee (kilele kimoja kisichofuatwa na kingine) huvunjika kimo chake kinapofikia takriban 0.78 ya kina cha maji. Kwenye fukwe halisi uwiano huo hupanda na kushuka kufuatana na mteremko wa sakafu na urefu wa wimbi, lakini kwa makadirio ya kusimama ufukweni unatosha: wimbi la mita 1 huvunjika kwenye kina cha mita 1.3 hivi. Hapo maji ya kileleni yanakuwa na kasi kuliko kilele chenyewe, yanakitangulia, na kuanguka mbele. Sakafu ikipanda taratibu, povu huteleza tu usoni mwa wimbi. Ikipanda ghafla, wimbi hujikunja na kupiga kwa kishindo.

Sasa liweke fungu lako kwenye picha hiyo. Tuseme mgongo wake uko kwenye kina cha mita 1.3 maji yakipwa, na nyuma yake, upande wa nchi kavu, kuna mfereji wenye kina cha mita 2.5. Wimbi la mita 1 linafika mgongoni na kuvunjika. Kabla halijamaliza kuvunjika limeshaingia mferejini, ambako kina ni kikubwa kuliko linachohitaji ili livunjike, basi linaacha. Povu linafifia, wimbi linajikusanya, linaendelea likiwa dogo, hadi likute maji haba kwa mara ya pili karibu na miguu yako. Maji yakijaa kwa mita 1.5, juu ya mgongo panakuwa na mita 2.8, na wimbi lile lile linapita bila kuvunjika. Mstari wako wa povu umepotea, fungu liko pale pale. Lakini siku hiyo hiyo likija wimbi la mita 2.2, litavunjika hapo. Fungu ni kama chekeche: punje ndogo zinapita, kubwa zinazuiwa, na ukubwa wa matundu hubadilika na maji kujaa na kupwa.

Hata wimbi lisilovunjika halitoki salama. Likipita juu ya mgongo umbo lake huharibika: kilele kinachongoka, mabonde yanatanuka, na likishuka mferejini hujigawa, yaani wimbi moja lililoingia hutoka na viwimbi vifupi vilivyopandana nalo. Ukiona maji ya nyuma ya fungu yana vurugu ndogo ndogo ilhali baharini kuna mawimbi ya mpangilio mzuri, hicho ndicho ulichokiona.

Tuje kwenye mchanga. Kabla ya yote, upime ukubwa wa kazi. Fungu lenye upana wa mita 40 na unene wa wastani wa mita 1 lina mita za ujazo 40 kwa kila mita ya ufukwe. Kilomita 1 ya fungu ni mita za ujazo 40,000, sawa na safari 4,000 za lori la mita za ujazo 10. Bahari huhamisha mzigo wa namna hiyo kwa siku chache. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilipima fungu kwa bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina), nikarudi baada ya dhoruba, nikakuta kina kisichofanana na daftari langu hata kidogo. Nilipoteza nusu siku nikitafuta kosa kwenye vipimo. Kosa halikuwepo.

Mchanga unavutwa huku na huku na nguvu mbili zinazopingana, na fungu hukaa pale zinapotoshana.

Ya kwanza inausukuma kuja nchi kavu. Nimesema kwamba kwenye maji haba kilele huchongoka na bonde hutanuka. Chini, mchangani, maana yake ni hii: kilele kikipita, maji huenda kuelekea ufukweni kwa kasi kubwa na kwa muda mfupi, bonde likipita, hurudi kwa kasi ndogo na kwa muda mrefu. Ungedhani hesabu inajifuta yenyewe, uende mbio hatua 10 na urudi polepole hatua 10. Kwa maji, karibu inajifuta. Kwa mchanga haijifuti, kwa sababu mchanga hauongezeki kwa uwiano sawa na kasi: maji yakienda mara 2, mchanga unaobebwa huongezeka zaidi ya mara 2, mara nyingi zaidi ya mara 4. Mwendo mfupi wa kasi unabeba mchanga mwingi kuliko mwendo mrefu wa polepole unavyourudisha. Tena uso wa mbele wa wimbi ni mkali kuliko mgongo wake, hivyo maji hugeuka kwa mshtuko yakielekea ufukweni, na mshtuko huo huzitikisa chembe zilizolala. Siku za bahari shwari, basi, fungu hujongea kuja nchi kavu, mita chache kwa siku au pungufu.

Ya pili inauvuta kwenda baharini, nayo huzaliwa na kuvunjika. Wimbi linalosafiri lina msukumo ndani yake, na likivunjika msukumo huo lazima uende mahali. Wanasayansi Longuet-Higgins na Stewart waliuwekea hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960: msukumo huo huyasukuma maji kuelekea nchi kavu hadi usawa wa maji pale ufukweni unapanda, wakati wa dhoruba hata kwa makumi ya sentimita. Maji hayo hayawezi kukaa yamerundikana. Hurudi kwa chini, karibu na sakafu, kama mkondo unaoelekea baharini huku povu juu likielekea nchi kavu. Ukisimama maji ya kiunoni siku ya mawimbi makubwa utausikia kwenye vifundo vya miguu. Mawimbi yanayovunjika yameshautibua mchanga na kuuninginiza majini, mkondo wa chini unauchukua tu. Unaupeleka hadi wapi? Hadi pale mawimbi yanapoanzia kuvunjika, kwa sababu zaidi ya hapo hakuna kuvunjika, na pasipo kuvunjika mkondo huo hufifia. Mchanga unaangushwa pale.

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima, na ndilo watu wengi hulielewa nusu. Ni kweli mawimbi huvunjika pale kwa sababu pana fungu. Ni kweli vile vile kwamba pana fungu kwa sababu mawimbi huvunjika pale. Dhoruba inapoleta mawimbi ya mita 3, hayo huvunjika yakifika tu kwenye kina cha mita 4 hivi, kwa hiyo huanza kuvunjika mbali zaidi kuliko yale ya mita 1, na fungu huyafuata huko. Wavuvi wako wamesema kweli.

Jambo hili limepimwa vizuri. Huko Duck, North Carolina, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilijenga kituo cha utafiti chenye gati la mita 560 hivi lililokatiza eneo lote la mawimbi, likakamilika mwaka 1977. Katika majaribio makubwa ya mwaka 1994 vifaa vilifungwa kwenye sakafu kuvuka fungu, na fungu likaonekana likikimbilia baharini kwa makumi ya mita ndani ya siku chache za dhoruba. Kurudi ni taratibu, kwa majuma, wakati mwingine miezi. Usishangae basi ukiona mstari wako wa mbali unakawia kurejea.

Sasa mlango. Nimeeleza mkondo wa chini kana kwamba fungu limenyooka kama ukuta usio na ufa. Likiwa hivyo, maji hurudi kwa chini kwa usawa urefu wote. Lakini fungu likiwa na sehemu iliyobonyea, mawimbi huvunjika sana pande zake mbili na kidogo au kutovunjika kabisa hapo katikati, maana kina kinatosha. Maji yanarundikana zaidi nyuma ya migongo kuliko nyuma ya pengo. Yanaanza kukimbia mferejini sambamba na ufukwe kutoka pande zote mbili, yanakutana mkabala na pengo, na yanatoka nalo. Yale yale yaliyokuwa yakirudi kwa mapana ya mita mia kadhaa sasa yanapita kwenye mlango wa mita 20. Kwa kawaida mkondo huo una kasi ya nusu mita hadi mita 1 kwa sekunde, na siku mbaya unaweza kupita mita 2. Mwogeleaji aliyeshika rekodi ya dunia ya mita 50 mwaka 2009, César Cielo, alitumia sekunde 20.91, yaani mita 2.4 kwa sekunde, na hiyo ni mbio ya pumzi moja kwenye bwawa. Mtoto hana lake hapo.

Utulivu wa mlango, kwa hiyo, ndio dalili yake. Pana rangi nzito kuliko pembeni kwa sababu pana kina, pengine pana utepe wa maji ya tope unaoelekea nje, na vipande vya povu au majani vinasafiri kwenda baharini dhidi ya mawimbi. Maji yakipwa mkondo huwa mkali zaidi, kwa kuwa mgongo wa fungu umekaribia juu na kila wimbi linavunjika. Aliyekamatwa ajue kwamba mkondo hauzamishi, unapeleka nje tu. Asishindane nao kwa kuogelea kurudi alikotoka. Aelee, apunge mkono aombe msaada, na akiwa na nguvu aogelee kando, sambamba na ufukwe, kuelekea palipo na povu. Kwenye povu kuna mgongo wa fungu na maji yanayoelekea nchi kavu.

Na kuna mtego mwingine, ambao kwa maoni yangu huua watu wengi kuliko dhoruba zenyewe zinavyoua. Dhoruba kubwa hulinyoosha fungu na kuifuta milango yake. Siku shwari zinazofuata, fungu likirudi kwa kujongea, halirudi limenyooka: linapindapinda kama mwezi mchanga uliopangwa mmoja baada ya mwingine, na kati ya pinda na pinda milango inafunguka upya, mahali papya. Watafiti Wright na Short waliieleza mifuatano hii vizuri katika kazi yao ya mwaka 1984 kuhusu fukwe za Australia. Basi jua linawaka, mawimbi ni ya kadiri, watu wamejaa ufukweni, na mlango haupo ulipokuwa mwezi jana. Kumwambia mtoto "pale ndipo pazuri siku zote" hakuna maana kwenye ufukwe wa mchanga.

Kuhusu kuchota mchanga, jibu langu ni hapana, na hesabu yake ni fupi. Ondoa mita 1 kwenye mgongo wa fungu tulilolichukua kama mfano: kina kinatoka mita 1.3 kwenda 2.3. Wimbi kubwa kabisa linaloweza kupita bila kuvunjika, maji yakiwa yamepwa, linatoka mita 1 kwenda mita 1.8. Nishati ya wimbi hufuata kipeo cha pili cha kimo chake, kwa hiyo kinachoingia mferejini ni zaidi ya mara 3 ya kilichokuwa kikiingia. Halafu shimo halibaki shimo. Mchanga wa fungu na mchanga wa ufukwe ni mali moja iliyowekwa mifukoni miwili. Bahari huihamisha kutoka mmoja kwenda mwingine, na ukichota kwenye mfuko wa nje dhoruba inayofuata itaujaza kutoka wa ndani, yaani kutoka ufukweni penu. Waholanzi wamefanya kinyume kabisa: mwaka 1993 kwenye kisiwa cha Terschelling walimwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 2 za mchanga katikati ya mafungu yaliyo chini ya maji, ili ufukwe upate nafuu. Na mchanga wao wa kazi kama hizo huuchimba ng'ambo ya mstari wa kina cha mita 20, ambako mawimbi hayawezi kuurudisha wala kuudai.

Ila usiwaahidi watu kwamba fungu linawakinga na kila kitu. Mawimbi huja kwa makundi, na makundi hayo huzaa mawimbi mengine marefu mno, yenye vipindi vya nusu dakika hadi dakika kadhaa, ambayo wanasayansi wa bahari Munk na Tucker waliyaeleza, wa kwanza mwaka 1949 na wa pili mwaka 1950. Haya hayavunjiki juu ya fungu. Usiku wa dhoruba, maji yanapopanda ufukweni ghafla, yakakaa, kisha yakashuka polepole, ni hayo.

Ukitaka kulifuatilia fungu lako mwenyewe, huhitaji boti. Miaka ya 1980 Holman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon walianza kuweka kamera juu ya fukwe na kuchanganya picha za dakika 10 kuwa picha moja. Wimbi moja moja hupotea, na pale yanapovunjikia mara kwa mara hubaki ukanda mweupe. Ukanda huo ni mgongo wa fungu, na pengo lake ni mlango. Simu nyingi leo zinaweza kufanya hivyo: ifunge mahali pasipotikisika, pa juu kadiri iwezekanavyo, rekodi video ya dakika 10, na utumie programu ya kuchanganya fremu kwa wastani. Rudia kila wiki kutoka pale pale, elekeo lile lile. Sharti moja tu: linganisha picha zilizopigwa maji yakiwa kwenye usawa mmoja, na ukiweza siku zenye mawimbi ya kimo kinachokaribiana. Ukilinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu, utaandika kwamba fungu limehama mita 30 kumbe kilichohama ni maji.